Mota ya gurudumu, ya mnyororo au ya pedeli: ipi inaifaa baiskeli yako?

Wengi wanaotaka kuigeuza baiskeli yao kuwa ya umeme huanza na mota. Wanaona tangazo la wati 1000, wanalipa, mzigo unafika, halafu fundi anagundua kwamba tairi lililopo halikai kwenye ringi iliyoletwa na breki hazina pa kubana. Anza na baiskeli yenyewe, maana ndiyo inayoamua mota gani itaingia. Njia unayopita itaamua mota gani itadumu, na betri ndiyo itakayomaliza pesa.

Kwanza, pima baiskeli

Kwa Afrika Mashariki baiskeli za kuwekewa mota ni za aina mbili. Kuna roadsta, yaani Phoenix, Hero, Avon na wenzake, ile ambayo Wakenya huiita Black Mamba: fremu ya chuma kizito, magurudumu ya inchi 28, na breki za fito zinazobana ringi kwa ndani, upande wa spoki. Halafu kuna baiskeli ya milima, mpya ya bei ndogo au ya mtumba: inchi 26, breki za kubana pembeni au za diski, gia sita au saba nyuma.

Kwa uimara wake roadsta inaonekana ndiyo ya kuchukua, lakini ndiyo inayosumbua zaidi. Tairi lake limeandikwa 28 x 1 1/2, na kipenyo cha mahali linapokaa kwenye ringi ni milimita 635. Seti nyingi zinazouzwa kama "28" au 700C zina ringi ya milimita 622. Kwa macho huwezi kuona tofauti hiyo ya milimita 13, ila tairi litapwaya na kuchomoka. Ringi hizo pia zimetengenezwa kwa breki za pembeni, kwa hiyo breki za fito hazipati pa kukaa.

Wengine hupanga kununua mota tupu na kuisuka kwenye ringi ya zamani. Hesabu matundu kwanza. Roadsta za mtindo wa Kiingereza huwa na matundu 32 mbele na 40 nyuma, ilhali mota nyingi zina 36. Hapo hakuna ufundi wa kuruka tundu utakaolifanya gurudumu likae sawa. Ni kutafuta ringi ya breki za fito yenye matundu 36, au kuachana na mpango huo. Nyuma kuna kikwazo kingine. Mota za habu, yaani zinazokaa kwenye kitovu cha gurudumu, zikiwekwa nyuma hutaka nafasi ya milimita 135 kati ya masikio ya fremu, pale ekseli inapofungwa, na roadsta mara nyingi haifiki 120. Chuma kinaweza kupanuliwa, ila kwa pengo kubwa hivyo masikio hukaa upande, mnyororo haunyooki, na fremu huanza kuchoka kwenye viungo.

Baiskeli ya inchi 26 haina mambo hayo. Ringi ni milimita 559, mbele nafasi ni 100, nyuma 135, na seti zilizokwisha kusukwa huingia zilivyo. Ukiwa bado hujanunua baiskeli, chukua hii, yenye foku (uma wa mbele) ya chuma isiyo na springi.

Zikiwekwa pamoja

| | Habu yenye gia ndani | Habu isiyo na gia | Mota ya brashi pembeni (MY1016Z) | Mota ya pedeli |
|---|---|---|---|---|
| Uzito wa mota | kilo 2–3.5 | kilo 5–7 | karibu kilo 3 | kilo 3.5–4 |
| Volti za kawaida | 36 | 48 | 24 | 36 au 48 |
| Seti bila betri, dola | 120–200 | 150–220 | 50–90 | 280–450 |
| Kinachoharibika kwanza | gia za nailoni | ekseli na waya zake | brashi, mpangilio wa mnyororo | mnyororo na meno ya nyuma |
| Inapofaa | tambarare na vilima vifupi | tambarare ndefu | bajeti ndogo, fundi wa kuchomelea yupo | miinuko mirefu |

Bei ni makadirio ya wauzaji wa China kabla ya meli, ushuru na faida ya muuzaji wa huku.

Usidanganywe na wati zilizoandikwa kwenye mota. Huko Umoja wa Ulaya baiskeli ya umeme hairuhusiwi kuzidi wati 250 za kudumu, na mota lazima iache kusaidia ikifika kilomita 25 kwa saa. Ndiyo maana "250W" imeandikwa kwenye mota zenye uwezo tofauti kabisa. Soma kontrola badala yake, kile kisanduku kinachoigawia mota umeme wa betri. Kontrola ya volti 36 na ampea 15 itavuta hadi wati 540 kutoka kwenye betri, hata kama lebo ya mota inasema vingine.

Unahitaji wati ngapi hasa? Mtu na baiskeli wakiwa kilo 100, kwenye tambarare kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa, ni karibu wati 190 kwenye gurudumu. Kwenye mwinuko wa asilimia 5, kwa kilomita 15 kwa saa, ni karibu 270. Ongeza gunia la kilo 50 kwenye keria, mwinuko ule ule unataka karibu 390. Kwa Tanga, Zanzibar au Kisumu mjini, mota ndogo inatosha na kubaki. Kwa Lushoto, Kisii, Bukavu au Kigali, hesabu nyingine inaanza.

Habu yenye gia: chaguo la watu wengi

Ndani kuna mota ndogo inayozunguka kasi, gia za nailoni za kupunguza mwendo, na klachi inayoiachia mota usipoitumia. Betri ikiisha unaendesha kama kawaida, na hili ni jambo kubwa kuliko linavyosikika ukiwa bado kilomita nane kutoka nyumbani.

Udhaifu wake ni mlima mrefu. Mota ya habu haibadilishi gia. Ikishuka chini ya nusu ya kasi yake ya kuzunguka bila mzigo, sehemu kubwa ya umeme hugeuka joto badala ya mwendo. Joto hulainisha nailoni, meno yananyonyoka, na unasikia mota ikizunguka lakini gurudumu halisogei. Kwa hiyo ukiona baiskeli imeshuka chini ya kilomita 12 hivi kwa saa na eksileta iko mwisho, kanyaga au shuka. Gia za akiba huuzwa kwa seti ya tatu; agiza pamoja na mota, maana kuzitafuta baadaye kwa modeli ile ile ni kazi.

Mbele au nyuma? Mbele ni rahisi kufunga, na kwa roadsta mara nyingi ndipo pekee panapowezekana. Ila uzito wa dereva na mzigo wote uko nyuma, kwa hiyo kwenye changarawe au mchanga wa kupanda gurudumu la mbele linateleza na kuchimba bure. Anayebeba mizigo aweke nyuma, hata ikibidi kubadili baiskeli.

Jambo moja kwenye habu halina mjadala, nalo ni ekseli. Ekseli ya kawaida ya mota ni milimita 12, imekatwa bapa pande mbili hadi milimita 10, na bapa hizo ndizo zinazoizuia isizunguke kwenye sikio la foku. Mota yenye nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 40 ikisukuma, nguvu kwenye kingo za bapa hufika nyutoni 4000, sawa na uzito wa kilo 400 ukibonyeza ukingo wa sikio lenye unene wa milimita chache. Sikio likipanuka kidogo, ekseli inageuka, inazisokota waya zinazopita katikati yake na kuzikata, na gurudumu linaweza kuchomoka. Foku ya aluminiamu hupasuka bila dalili. Ya chuma hupinda kwanza. Hii ndiyo sababu ya kutaka chuma.

Dawa yake ni mkono wa kuzuia ekseli. Fundi wa kuchomelea anaweza kuukata kutoka bati la chuma la milimita 5 au 6: tundu lichongwe kwa tupa hadi livae zile bapa bila kuchezacheza, urefu wa mkono uwe sentimita 10 hivi, na mwisho wake ufungwe kwenye mguu wa foku kwa klipu mbili za hosi za chuma kisichoshika kutu. Weka washa yenye ulimi, ulimi uingie kwenye mpasuko wa sikio, kisha mkono, kisha nati. Kaza, endesha kilomita chache, kaza tena. Kama mpasuko wa foku ni mwembamba kuliko milimita 10, piga tupa pande zote mbili sawasawa, na usiongeze kina, la sivyo gurudumu litakaa upande.

Habu isiyo na gia

Ni nzito, kimya, na ndani hamna cha kusagika isipokuwa beringi. Inavumilia joto kuliko yenye gia, na kontrola ikiruhusu hurudisha umeme kidogo ukifunga breki, ingawa faida ni ndogo kiasi kwamba si sababu ya kuinunua. Ubaya wake ni kwamba haina klachi. Betri ikiisha unakanyaga dhidi ya sumaku za mota, na kilo 6 za gurudumu la nyuma zinaua spoki kwenye mashimo. Kwa mwenye bajeti ndogo haina mvuto sana, labda kwa safari ndefu ya barabara ya lami na betri ya volti 48.

Mota ya brashi na mnyororo wake

MY1016Z ni mota ya bei ya chini, yenye brashi, na sanduku la gia linalopunguza mwendo mara 9.78. Ya volti 24 na wati 250 hutoa karibu mizunguko 280 kwa dakika kwenye gia ya meno 9, inayokubali mnyororo wa kawaida wa baiskeli. Hesabu ni nyepesi: ukiweka meno 18 upande wa gurudumu, gurudumu linazunguka mara 140 kwa dakika, kwa gurudumu la inchi 28, lenye mzingo wa karibu mita 2.23, huo ni mwendo wa kilomita 19 hivi kwa saa. Unataka nguvu ya kupanda? Ongeza meno nyuma. Unataka mwendo? Punguza. Uhuru huo habu haikupi.

Faida nyingine ni mafundi. Anayesuka upya mota za pampu na feni anaweza kubadilisha kaboni za brashi, na kontrola yake ina waya mbili tu za kwenda kwenye mota. Gurudumu, tairi na breki za fito za roadsta vinabaki vilevile.

Kazi iko kwenye kufunga. Mota inakaa kwenye bati lililochomelewa karibu na gurudumu la nyuma, upande wa kushoto, na mnyororo wake lazima unyooke kabisa na bati la meno la gurudumu. Ukitoka nje ya mstari kwa milimita 3 unaanza kuruka ukivuta mzigo. Matundu ya boliti za mota yachongwe marefu ili uweze kuisogeza nyuma kukaza mnyororo. Bila hivyo, mnyororo ukilegea huna pa kwenda. Bati la meno lisifungwe kwenye spoki, maana spoki hukatika moja baada ya nyingine. Kwenye habu ya diski lifunge kwenye matundu sita ya diski, ambayo yako kwenye duara la milimita 44. Likifungwa bila friwili, utaiburuta mota kila unapokanyaga bila umeme.

Kuna pia rola inayosugua tairi. Ni rahisi kuliko zote, lakini mvua ikinyesha inateleza, na tairi inakwisha haraka. Ipite.

Mota ya pedeli

Bafang BBS02 na Tongsheng TSDZ2 huingia mahali pa ekseli ya pedeli na kusukuma mnyororo wa baiskeli yenyewe. Kwa kuwa zinapitia gia zako, unapanda mlima kwa gia nyepesi huku mota ikizunguka kasi inayoipenda, bila kuchemka. Kwa miinuko mirefu hakuna inayoikaribia.

Bei yake ni karibu mara mbili ya habu, na inakula mnyororo. Ukibadilisha gia huku mota inasukuma, mnyororo unakatika au meno yanapinda. Achia kwanza, badilisha, endelea. Kabla ya kununua pima bomba la pedeli: upana milimita 68 hadi 73, tundu lisipungue milimita 33.5. Kwenye roadsta ya gia moja mota hii ni pesa iliyopotea, kwa sababu faida yake yote iko kwenye gia ambazo roadsta haina.

Betri ndipo pesa inapokwenda

Kwa mwendo wa kawaida hesabu wati-saa 12 kwa kilomita, ukisaidia kidogo kwa miguu. Sasa linganisha.

Betri mbili za asidi za volti 12, ampea-saa 12, zinagharimu karibu dola 60 na uzito wake ni kilo 8. Hiyo ampea-saa 12 imepimwa kwa kutoa umeme polepole kwa saa 20, yaani ampea 0.6. Ukivuta ampea 10, unapata kama 7 tu. Volti 24 mara 7 ni wati-saa 168, kilomita 14. Zikimalizwa hivyo kila siku, hudumu mizunguko 200 hadi 300 ya kuchaji: tuseme kilomita 3,500.

Betri ya lithiamu ya volti 36, ampea-saa 10, ni karibu dola 200 na kilo 2.5 hivi. Ukitumia asilimia 90 ni kilomita 27, na mizunguko 500 inakupa kilomita 13,500. Ya lithiamu-chuma-fosfeti ya ukubwa huo huo, ile familia ya betri nyingi mpya za sola, inafika dola 260 na ni nzito zaidi, lakini mizunguko 1,500 ni ya kawaida, kwa hiyo unavuka kilomita 40,000. Ukigawa bei kwa kilomita, asidi na lithiamu ya kawaida zinakaribiana, senti moja na nusu ya dola hivi, na fosfeti haifiki senti moja. Asidi ni ya anayeanza na mfuko mtupu, na anayekubali kwamba baada ya mwaka atanunua tena.

Umeme wenyewe ni kitu kidogo: betri ya wati-saa 360 hujaa kwa chini ya nusu uniti (kilowati-saa) ya Luku.

Hatari kubwa iko kwenye chaja. Betri ya "volti 36" ya lithiamu ina seli 10 mfululizo na hujaa kwa volti 42.0 kamili. Chaja ya asidi ya volti 36 hupanda hadi 44 na zaidi, yaani volti 4.4 kwa seli badala ya 4.2, na hapo ndipo moto unapoanzia kama bodi ya ulinzi, ile wanayoiita BMS, ni mbovu au haipo. Ya fosfeti yenye seli 12 hutaka 43.8. Plagi zinaweza kufanana kabisa, kwa hiyo andika volti kwenye kila chaja kwa kalamu ya rangi.

Betri za seli za laptopu zilizotumika huonekana kama bure. Seli hizo hazikuundwa kutoa umeme mwingi: kwa kontrola ya ampea 15 unahitaji safu 6 sambamba, yaani seli 60, zote zimepimwa uwezo na kulinganishwa. Seli moja mbovu inawavuta wenzake chini. Kuzilehemu kwa risasi ya moto moja kwa moja huziumiza. Ziunganishwe kwa utepe wa nikeli na mashine ya kuchomelea kwa nukta. Kama huna mashine wala kipimo, nunua iliyokwisha kufungwa.

Na usitegemee ndege. Tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake kama mizigo haziruhusiwi kwenye ndege za abiria. Mota iagize popote. Betri itafute kwa muuzaji wa hapa au ije kwa meli.

Waya

Fyuzi ya ampea 20 hadi 30 ikae sentimita chache kutoka betri, si kwenye kontrola. Waya kuu iwe ya milimita za mraba 2.5 au zaidi. Acha waya wa mota uning'inie chini kidogo kabla ya kuingia kwenye ekseli, maji yadondokee hapo badala ya kufuata waya hadi ndani. Mota ikigugumia na kutetemeka bila kuzunguka, angalia waya tatu nene na plagi ya waya tano nyembamba za sensa kabla ya kulaumu kontrola. Kwenye roadsta, diski ya sumaku ya sensa ya pedeli (inayoiambia mota kwamba unakanyaga) inunuliwe ya vipande viwili, ili usilazimike kugonga pini za krenki. Na kwa kuwa mikono ya breki za fito haina swichi ya kukata umeme, eksileta ni lazima irudi yenyewe kwa springi. Ijaribu kabla ya kila safari.

Chagua hivi

Kwenda kazini kwenye tambarare na baiskeli ya inchi 26: habu yenye gia, nyuma, volti 36, kontrola ya ampea 15, betri ya fosfeti kama pesa inafika. Roadsta ya kubeba maji au mazao kwenye barabara ya vumbi: MY1016Z pembeni, meno mengi nyuma, breki zilezile, betri za asidi mwanzoni kisha fosfeti ya volti 24 zitakapokufa. Roadsta ya mtu mmoja bila mzigo: habu ya mbele, ila tu ukipata ringi ya matundu 36 inayokubali breki zako na foku iwe ya chuma. Milima mirefu: mota ya pedeli kwenye baiskeli yenye gia na breki za diski, kwa sababu kilo zote ulizopandisha utazishusha kwa mwendo mkubwa. Kama bajeti haifiki hapo, punguza mota kabla ya kupunguza breki.